Filamu Aliyofia Khalfan

Siku yangu ya kwanza zimamoto, mjini Sur, Raqibu, ndiye sajenti wetu, hakuniuliza cheti. Angeniuliza asingekiona, maana skuli sikukaa. Alinipa mpira wa maji, akasema, "Ukiingia moshini, mkono usiuachie huu. Hii ndiyo njia yako ya kutokea." Kwa maneno hayo nimekula mshahara mpaka nastaafu, na sikumbembeleza mtu.

Mwenzangu alikuwa Khalfan, mtoto wa Bi Zuwena wa Ibra. Vita ilipowaka huko kaskazini mwa Ghuba, watu wakaingiwa na khofu. Mulazim, afisa wa kituo, akaleta wapiga filamu, watu waone kuwa tupo. Waigizaji hawakuwataka. Walitutaka sisi wenyewe, na moto wa kweli. Ila lazima mmoja wetu afe.

"Khalfan," akasema Mulazim, "wewe mwepesi. Huyu atakubeba."

Nikambeba begani, kichwa chini, tukarudia na kurudia mpaka wakubwa wa kamera wakaridhika. Khalfan akininong'oneza, "Polepole bwana, hata maiti ana mbavu."

Filamu ikaonyeshwa uwanjani Ibra. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Bi Zuwena. Alipomwona mwanawe analazwa chini na kufunikwa shuka, alipiga ukelele, wanawake wote wakalia naye. Khalfan akatoka mbio upande wa wanaume. Akala kofi la mama yake.

"Mshenzi we! Unanifia mbele za watu?"

Uwanja mzima ulicheka. Na Bi Zuwena mwenyewe akacheka, machozi yanamtoka.

Baadaye tukahamishiwa Nizwa, sote wawili. Ghala la tende likashika moto Izki, mji wa jirani, na dari lake la magogo ya mitende likamwangukia Khalfan. Niliufuata mpira nikamkuta. Mkono wake haukuuachia. Nikambeba begani, vilevile.

Mkubwa wetu wa Nizwa akanituma Ibra. Kwetu mama hapewi habari kwa mkupuo, huanza na "anaumwa, yuko hospitali." Nikaanza hivyo. Bi Zuwena akanitazama, akatabasamu.

"Mnapiga filamu tena?"

"La, mama."

Akanishika mkono.

"Mwambie ainuke, mwanangu. Safari hii simpigi."

Juzi vijana wa kituo waliniletea filamu ile kwenye simu. Naitazama mpaka pale ninapomlaza chini na kufunikwa shuka, na hapo ndipo inapokatika. Lakini mimi nilikuwepo. Khalfan aliinuka, akajipangusa vumbi, akaniuliza kahawa iko wapi. Hayo hawakuyapiga.