Pasaka Nyuma ya Nondo

Kila aliyemwona Godelive akipakia begi lake kwenye gari la waajiri wake, pale Morningside, Durban, alidhani naye anakwenda kustarehe. Hata wenzake wa kwaya walimwonea wivu.

"Weye uko na bahati, Mama Larissa," walimwambia. "Sisi Pasaka yetu iko hapa hapa Greyville, weye unaenda kwa milima."

Godelive alicheka kidogo, basi. Angewaelezaje?

Alitoka Uvira, Kongo, akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo, Larissa, sasa alikuwa binti wa kumaliza sekondari. Kazi ya Godelive ilikuwa kumtunza Mzee Ramsay, Mskoti aliyekuja Durban ujanani kutengeneza meli bandarini, akazeekea huko huko. Miguu ya mzee ilikuwa imekwisha nguvu na mambo mengi yalimponyoka kichwani, ila adabu yake ilikuwa nzima. Godelive alimwita Papa. Yeye, kwa kuwa jina Godelive lilimshinda ulimi, alimwita Nesi.

Enzi zake mzee alijenga nyumba ya mapumziko huko milimani, mbali na joto la mji, akaijenga kama za kwao: kuta nene za mawe, madirisha madogo, meko kubwa sebuleni, na chini ya kilima bwawa alilolitia samaki wa maji baridi. Bwawa hilo alilipa jina la ziwa la kijijini kwao Uskoti. Kila likizo bintiye, Moira, alikwenda huko na mumewe na watoto. Leo wanapanda mlima, kesho wanapanda farasi, keshokutwa wanazunguka mashamba ya jirani kuonja jibini. Jioni walirudi na matope hadi magotini, wakisimuliana na kukatizana maneno.

Godelive na Papa walibaki ndani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Likizo iliyopita Papa alimsihi ampeleke bwawani, naye akamhurumia, wakaenda. Gurudumu la kiti chake cha wagonjwa likazama kwenye tope, wakakaa pale wakipigwa na baridi mpaka wenyewe waliporudi. Papa akaugua kifua. Tangu siku hiyo Moira, kila akitoka, alifunga mlango wa nondo kwa kufuli, na ufunguo akaondoka nao.

"Usione vibaya, Godelive," alimwambia. "Ni kwa usalama wa baba."

"Na sisi tukihitaji kutoka, Madam?"

"Kutoka kwenda wapi?" Moira aliuliza, akiutazama ukungu uliofunika kila kitu nje. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuudhi Godelive zaidi. Angekuwa mtu mbaya, Godelive angejua la kumjibu.

Simu ilishika mtandao pembeni mwa dirisha la jikoni tu, tena kwa kubahatisha. Ijumaa Kuu alimpata Larissa.

"Maman, kesho nitaimba mimi peke yangu, mbele ya kanisa yote. Utafika?"

"Nitafika namna gani, mtoto wangu? Huku taxi hakuna."

"Huko iko nini sasa?"

"Iko ng'ombe na ukungu."

Larissa akacheka. Mama yake hakuweza.

Jumamosi asubuhi familia ilibeba vikapu vya chakula kwenda kutazama maporomoko ya maji. Kufuli likalia, gari likanguruma, kukawa kimya. Papa alikuwa akitetemeka, kwa hiyo Godelive akapanga kuni mekoni na kuzitia moto kama siku zote. Safari hii moshi haukupanda. Baadaye ilijulikana kwamba ndege walikuwa wamejenga kiota kwenye dohani, na kiota kilikuwa kimeporomoka usiku ule na kuiziba. Moshi uligeuka, ukarudi sebuleni mzito, mweusi.

Godelive akamwagia kuni birika zima la chai. Moto ukazimika, lakini chumba hakikupata nafuu, maana mvuke na majivu viliungana na moshi. Akafungua madirisha yote, lakini yalikuwa madogo na yenye nondo, na nje hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Papa alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisichomwachia nafasi ya kuvuta pumzi. Godelive akakisukuma kiti chake hadi kwenye nondo za dirisha, akamfunga taulo bichi puani.

"Nesi," mzee alisema kwa shida, "fungua mlango, mama."

"Ninafungua, Papa. Ninafungua."

Alikimbilia chumba kidogo cha nyuma walikoweka mabuti na ndoana za kuvulia, akachukua shoka la kuni. Alilipiga kufuli kwa kisogo cha shoka mpaka viganja vikachubuka. Alipiga huku akimwita Mungu kwa Kifuliru, kisha akamtukana Moira kwa lugha hiyo hiyo, kisha akaomba radhi, akaendelea kupiga. Kufuli halikuvunjika. Ukuta ndio uliochoka: chokaa kuukuu ilianza kudondoka, fremu ikalegea, na Godelive alipolivuta geti hilo la nondo kwa uzito wake wote liling'oka upande mmoja, likamwangukia begani.

Alimtoa Papa nje, akamviringisha mablanketi. Hatua kwa hatua kikohozi kilipungua. Moshi ulitoka mlangoni taratibu, mpaka ndani kukakalika tena. Godelive alisimama kizingitini, akaitazama ile sebule, akakataa kurudi ndani.

"Papa, twende wapi?"

Mzee alilitaja lile jina la ziwa la kwao.

Safari hii alipita kwenye nyasi ngumu, si kwenye tope. Alimletea ufito wake wa kuvulia, na mzee, ambaye asubuhi alisahau kuwa amekunywa uji, aliurusha mshipi ukatua mbali majini bila kishindo. Hakupata samaki. Hakuonekana kujali. Godelive alinawa masizi usoni kwa maji ya baridi kali, akaketi kwenye jiwe akalia, kisha akaimba wimbo ambao binti yake aliandaa kuuimba kanisani siku ile.

Hapo ndipo Moira alipowakuta, akija mbio, ameshaona geti linaning'inia. Alimkumbatia baba yake, kisha Godelive, akalia na kuomba msamaha. Alikuwa na haya ya kweli. Lakini baada ya chakula cha jioni alirudi na wazo.

"Sijamwona baba ametulia vile kwa miaka. Tumefikiri abaki huku moja kwa moja. Ubaki naye wewe. Hakuna kufuli tena, nakuapia. Na mshahara tutauongeza."

Godelive alimtazama Papa, aliyekuwa amesinzia kitini. Alimpenda. Aliona pia miezi ya ukungu ikija, mmoja nyuma ya mwingine.

"Hapana, Madam. Jumatatu ninarudi na nyinyi Durban."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria, kule bwawani."

Moira alimpata mwanamke mwingine, mwenyeji wa vilima vile vile, ambaye watoto wake wanafika kumwona kwa miguu. Godelive sasa anasuka nywele katika saluni ya mama mmoja, Antoinette, karibu na Greyville. Chumba ni chembamba, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na jioni miguu humvimba. Mara nyingine husema moyoni kwamba ametoka kwenye boksi moja akaingia jingine. Papa aliambiwa kwamba Nesi ameondoka, akauliza Nesi gani. Godelive aliposimuliwa, hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Ila ikifika saa ya mazoezi ya kwaya, anavua aproni, anamwaga Antoinette kama vijana wa mji, "sharp, kesho," na anatoka.