Germaine na Kifurushi cha Mwalimu wa Isangi

Saa tatu asubuhi. Ndege ya mizigo kutoka Kinshasa imeshatua kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, na Germaine amesimama kando ya mkokoteni na mashine ndogo ya kusoma namba mkononi. Kila katoni inaposhushwa anaimulika, mashine inalia, na mtu aliyeituma kutoka Dubai au Brussels anaona kwenye simu yake kwamba mzigo wake uko Kisangani.

"Mashine inajua mzigo iko wapi," anasema huku akiinua katoni ya vipuri vya jenereta. "Lakini mwenye mzigo iko wapi? Ile ni kazi yangu."

Germaine, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni msambazaji wa vifurushi wa kampuni ya kimataifa ya Bertelo. Picha zilizobandikwa ofisini, katika wilaya ya Makiso jijini Kisangani, zinaeleza historia ya kampuni: ndugu wawili wa Antwerp, pikipiki moja, na vipuri vya meli walivyokuwa wakivipeleka bandarini. Leo kampuni ina ndege zake na ofisi katika nchi zaidi ya mia moja. Ofisi ya Kisangani ilifunguliwa miaka tisa iliyopita. Ina wafanyakazi wanne na hupokea vifurushi kama mia tano kwa mwezi: hati za vyuo, dawa, simu, hata gauni za harusi.

Kabla ya kuajiriwa, Germaine alikuwa akinunua samaki waliokaushwa kijijini kwao Yanonge na kuwapandisha Kisangani kwa baleinière, zile boti ndefu za mbao zenye injini. Alifanya hivyo miaka kumi na moja. Anasema ndiyo shule yake.

"Mi niko mutoto ya mto," anasema. "Unipe jina ya mutu na jina ya kijiji. Nitamupata."

Mwezi wa nane mwaka jana, maneno hayo yalipimwa.

Kifurushi kilikuja kutoka zahanati moja ya masikio huko Brussels. Kilikuwa kidogo, hakikufikia kilo moja. Juu yake liliandikwa jina la Zacharie, mwalimu mstaafu, Isangi, pamoja na namba ya simu. Isangi iko zaidi ya kilomita mia moja ukishuka mto, na Bertelo haikuwa ikipeleka mizigo nje ya jiji. Utaratibu ulikuwa kumpigia simu mwenyewe aje kuchukua. Akipigiwa mara tatu, kwa siku tatu tofauti, asipojibu, kifurushi hurudi kilikotoka.

Germaine alipiga Jumatatu. Simu iliita mpaka ikakatika. Jumatano vilevile. Ijumaa asubuhi, mkuu wa ofisi, Kaswera, mwanamke wa Butembo anayejulikana kwa kutopindisha kanuni, alimwambia apige ya mwisho, kisha aandae karatasi za kurudisha.

Simu iliita tena bila kujibiwa. Germaine akachukua fomu ya forodha ili anakili yaliyomo. Hapo ndipo kalamu yake iliposimama. Palikuwa pameandikwa: vifaa vya kusikilizia, jozi moja.

"Nilicheka, kisha nikasikia aibu," anakumbuka. "Tuko naita mutu siku tatu, na mutu mwenyewe hasikie! Atajibu simu namna gani?"

Alikwenda moja kwa moja mezani kwa Kaswera.

"Chef, hii haiwezi kurudi. Huyu papa, huyu mzee, ni kiziwi. Unipe siku nne za congé yangu, za likizo, nitashuka nayo Isangi mimi mwenyewe."

Kaswera aliisoma fomu mara mbili. "Kanuni iko wazi, Germaine. Mzigo hautoke mjini."

"Basi nisaini kwa jina langu."

"Bon. Lakini ikianguka mtoni, ni kazi yako imeanguka. Umenisikia? Mi sitakutetea."

Mshahara wa Germaine ni dola mia mbili, na ndio unaosomesha watoto wake watatu. Alisaini.

Jumamosi, jua lilipochomoza, alipanda baleinière akiwa amekifunga kifurushi kwa plastiki mbili na kukikaza tumboni kwa kitenge. Abiria wenzake walidhani ana mimba wakampisha akae kivulini. Hakuwasahihisha.

Saa tisa alasiri, baada ya Yanonge, boti ilikwama kwenye mchanga. Maji yalikuwa yamepungua sana msimu ule. Nahodha alisema watalala pale, labda siku mbili, mpaka boti nyingine ije kuwavuta. Kaswera alikuwa amempa mpaka Jumatano. Germaine aliwaita akina mama wawili waliokuwa wakipita na mtumbwi wa mihogo, akawaomba nafasi. Walimpa na kasia pia.

"Nilipiga kasia mpaka mikono ikavimba," anasema akionyesha viganja. "Niliogopa? Ndiyo, mvua ilipoanza. Lakini kurudi, hapana."

Aliingia Isangi Jumapili, misa ikitoka. Hakuhitaji kuuliza mara mbili. Kila mtu alimjua mwalimu Zacharie, na kila mtu alimlalamikia: amekuwa na majivuno, ukimsalimu hajibu, ameacha hata kuongoza kwaya.

Alimkuta mbele ya nyumba yake akisuka mtego wa samaki. Mzee wa miaka sabini na mmoja, mjane, simu ikiwa mfukoni. Huitumia kama tochi. Ujumbe alioandikiwa na kampuni haukuingia, kwa sababu matangazo ya mtandao yalikuwa yameijaza. Germaine aliandika mchangani kwa kijiti: *Aimée ametuma.* Ni jina la binti yake aliyeko Brussels, lililokuwa kwenye fomu kama mlipaji. Mzee aliachia mtego.

Vipimo vya masikio yake vilikuwa vimechukuliwa Kisangani na daktari mgeni mwaka uliotangulia, na mwalimu alikuwa ameshakata tamaa. Germaine alisoma maelekezo, akaweka betri, akamvalisha kimoja, kisha kingine.

"Papa, uko nanisikia?"

"NDIYO!" mzee alipaza sauti, kisha akashtuka, akajifunika mdomo. Akanong'ona: "Kumbe niko napiga kelele hivi? Siku zote hizi?"

Majirani walicheka mpaka wakalia. Mmoja wao alimwomba msamaha palepale. Jioni ile mwalimu alimpigia Aimée mwenyewe. Germaine alimsikia akisema, "Usilie kwa nguvu hivyo, mama. Sasa nasikia."

Jumatano saa nne asubuhi, fomu yenye saini ya mwalimu ilikuwa mezani kwa Kaswera. Aliitazama, akaiweka kwenye faili, kisha akafungua kompyuta akaiandikia ofisi ya Kinshasa barua ya kurasa mbili: mizigo iruhusiwe kutoka mjini. Tangu mwezi wa kwanza mwaka huu, Germaine hushuka Isangi mara mbili kwa mwezi kwa gharama ya kampuni, na hajarudisha kifurushi hata kimoja.

Sasa anataka ofisi kamili huko. Amepata chumba karibu na gati. Wiki iliyopita alijaza fomu ya maombi, na ilimlazimu kuandika mtaa na namba ya jengo. Isangi haina vitu hivyo. Alifikiri kidogo, akaandika kwa herufi kubwa:

"Ukishuka boti, nyumba ya mlango wa kijani. Uliza Germaine."