Mkutano wa Wakazi Wawili

Mtaa wetu wa Kariakoo ulipomaliza kugeuka maduka na stoo, wakazi walibaki wawili: mama yangu, na jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mjane wa Kihindi ambaye wanawe walihamia Upanga wakashindwa kumng'oa. Wengine wote wanaoujaza mtaa mchana, jioni hurudi kulala Goba, Mbagala, Chanika. Mimi mwenyewe nalala Chanika.

Siku moja mtendaji wa mtaa, kijana mpole, aliitisha mkutano wa wakazi. Yalitakiwa maoni yao kama maduka yafunguliwe usiku kucha na taa ziwekwe. Nilimsindikiza mama. Barabarani hapakuwa na pa kuweka mguu, lakini mkutano ulikosa watu. Wafanyabiashara waliotaka kuchangia waliambiwa wakachangie wanakolala.

Tulikalia viti vya plastiki tulivyoazimwa na mwenye duka. Mtendaji akawashukuru wananchi kwa kujitokeza kwa wingi. Nadhani na yeye alisikia alichosema.

Jirani alikataa taa; alisema anavumilia kelele za mchana kwa sababu usiku anapumzika. Mama alizitaka. Kura zikafungana, moja kwa moja. Mtendaji akaniuliza kwa heshima kama siwezi kuhamia kwa mama, walau mpaka mkutano uishe.

Nikiwa bado najieleza, mteja akauliza bei ya kiti alichokalia mama. Mwenye duka akaomba radhi, mama akainuka, kiti kikaenda. Kumbe mteja ananunua jumla. Akabeba na vingine. Tukaendelea tumesimama, mtendaji akipigwa kikumbo na wabeba mizigo kila akitaka kusema.

Hapo mama akamgeukia jirani. "Dada, mimi biashara hainihusu. Usiku hapa hata wa kukohoa hayupo. Naogopa."

Walikuwa wametazamana madirishani tangu sijazaliwa. Jirani akamsogelea.

"Sasa mbona hukusema? Mimi nakohoa mpaka asubuhi. Njoo kwangu."

Mtendaji akauliza aandike nini.

Wiki ile tulivusha kitanda cha mama kwa mkokoteni, katikati ya marobota ya mitumba. Sasa wanaishi pamoja ghorofani na kugombania redio. Jirani hali nyama wala samaki, hivyo mama akitaka samaki hurudi kumkaanga kwenye nyumba yake ya zamani.

Ofisini iliandikwa kwamba nyumba zenye watu mtaani zimepungua kwa nusu. Mtendaji akatumwa kuchunguza kwa nini wakazi wanaukimbia mtaa. Alimkuta mama uani, mbele ya karai la mafuta, akamuuliza kama anaishi hapo.

Mama akamwambia hapana, yeye anakaanga tu, halafu akamkaribisha kipande cha changu.