Filimbi Nyuma ya Baiskeli

Juzi, katika safari zangu zisizoisha, nilisimama kwenye stesheni ndogo nikamsikia mfanyakazi wa behewa la mwisho akimjibu dereva kwa filimbi. Mara nikasikia harufu ya samaki wa moshi, kama siku ile ya utotoni.

Tulikuwa tukirudi nyumbani Kamina kutoka kununua samaki Kinkondja kwa baiskeli, baba na mimi, siku ya pili njiani, ngurumo zikitufuata. Gunia la samaki lilikuwa kwenye fremu mbele yake. Mimi nilifungwa kwenye keria kwa kitenge cha mama. Baba, mtu wa reli, alinipa filimbi yake ya kazi, yenye ladha ya tumbaku.

"Weye njo muntu wa nyuma ya treni. Nikipiga kengele, unajibu. Usilale!"

Niliona ni mchezo: yeye dereva, mimi mfanyakazi wa behewa la mwisho. Kengele, filimbi, kengele, filimbi, mvua ikitupiga usoni. Kisha kengele ikalia, nikapuliza, lakini filimbi ilikuwa imejaa maji. Baba alifunga breki nusura tuanguke, akarudisha mkono nyuma akinipapasa.

"Uko? Mutoto, uko?"

"Niko, baba! Filimbi inakunywa mayi!"

Alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Kisha akaniketisha mbele, gunia akalifunga nyuma.

"Samaki ikianguka, haina mambo."

Leo najua kwamba kitenge kikilowa hulegea, na kwamba katika kelele ile ya mvua baba asingesikia mtoto akianguka. Siku ile nilijua jambo moja tu: nimefukuzwa kazi. Nililia mpaka Kamina, kidevu chake chenye joto kikiwa juu ya kichwa changu.