Sifuri Iko Wapi

Mdogo wangu wa mwisho ni injinia wa ujenzi. Ijumaa moja alikuja kwangu Kibiti na begi limejaa makaratasi. Nilipoyasogeza mezani nipate pa kuweka sahani, nikaona yote ni ya semina: udongo laini, zege la pwani, usalama kazini.

"Chuo si ulimaliza?" nikamuuliza. "Unasoma nini tena?"

"Dada, kumaliza chuo ndiko kuanza. Kila mwaka lazima nijifunze jambo jipya na niliandike kwenye daftari la kazi, la sivyo sipandi cheo."

"Hata wakubwa wenu?"

"Wakubwa ndio wanaohangaika zaidi."

Jibu hilo halikunitoka kichwani. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Mama alifariki mwaka mmoja baada ya baba, nikabaki kijijini kwetu Mbuchi, huko delta, na wadogo watatu. Tangu hapo niliamini kwamba wenye vyeti wamefika, na sisi wengine tumeishia njiani. Sikujua kwamba huko mbele nao bado wanatembea.

Kazi ya ujenzi niliianza kwa kubeba kokoto barabarani. Nikachanganya zege, nikafunga nondo, mwisho mpimaji mmoja akanipa ile rula ndefu inayosimamishwa wima wakati yeye anachungulia kwenye darubini ya leveli. Niliishika miaka mingi. Yeye anasoma, anaandika, ananiambia, "Pigilia kigingi hapo." Napigilia. Hesabu ilikuwa yake, na mimi sikuwahi kuuliza.

Ndipo zikaja habari kwamba gati dogo litajengwa kwetu Mbuchi. Nilimfuata injinia wa kampuni iliyopewa kazi hiyo, nikamwambia nataka kuwasimamia mafundi. Akasema lazima niwe na cheti cha ujuzi, ila sisi tuliojifunzia kazini tunaruhusiwa kupimwa bila kurudi shule. Nikajiandikisha siku hiyohiyo. Kwa wiki sita mdogo wangu alinifundisha kwa simu kusoma michoro, mimi nimekaa jikoni na penseli, ubwabwa ukiungua.

Mtihani wa vitendo ulifanyika kwenye uwanja wa karakana pale Kibiti. Mtahini, mzee asiye na maneno mengi, alinipa mchoro wa kalavati la kupitisha maji chini ya barabara. Maji yanaingia penye thelathini, yanatokea penye ishirini, sentimita hizo zikihesabiwa kutoka alama ya rangi iliyopakwa ukutani kimo cha goti. Nikapigilia vigingi virefu, nikapima, nikafunga kamba. Nilimaliza wa kwanza.

Mzee akaizunguka kamba yangu mara mbili. "Fundi," akasema, "maji yako yanapanda mlima."

Watahiniwa wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Huyo mtu wa delta, mzee! Kwao maji yanapanda kweli, mara mbili kwa siku!"

Nilicheka nao. Nilikuwa nimepima thelathini na ishirini kwenda chini ya alama, badala ya juu. Penye kuingilia maji ndipo palipokuwa chini zaidi.

"Nani alikufundisha kuhesabu hivyo?" mzee akauliza.

Nikamweleza. Baba alikuwa akijenga madungu, vile vibanda vyetu vya shambani vinavyosimama juu ya nguzo. Hakupima kutoka ardhini, maana tope la delta leo liko hapa, mwakani limekwenda na mto. Alitafuta mstari ambao bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, huuacha kwenye mashina ya mikoko. Hapo ndipo alipoanzia, akishuka kwa shubiri. Mbuchi nzima tunahesabu hivyo: namba ikikua, unakwenda chini.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Nami, kwa kuwa nilikwisha kuharibu, nikaona heri niulize. "Kwenye michoro ya kazi, hii sifuri yenu nyie iko wapi?"

"Usawa wa bahari."

"Bahari ya bamvua, au ya maji mafu yasiyojaa sana?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wastani. Watu walikaa pwani wakayaandika maji, yakijaa na yakitoka, miaka na miaka. Kisha wakatafuta katikati yake."

"Kwa hiyo ni maji ambayo hayajawahi kusimama popote?"

"Yanapita tu hapo," akasema, akatabasamu. Kisha akaandika kwamba sehemu hiyo nimeshindwa, nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia nimeshindwa. Akasema, "Ripoti yangu ya kuomba usajili wa uinjinia imerudishwa mara mbili, dada. Wanaandika tu: eleza kwa nini."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Uliyekuwa ukinifinya nikishika nafasi ya pili?"

Miezi ile mitatu nilimsumbua kila mpimaji. Mmoja alinionyesha jiwe la zege lenye kichwa cha chuma, limefichwa na majani kando ya ofisi yao. Kimo chake juu ya ule wastani kinajulikana, na nyumba nyingi za pale zimepimwa kutoka kwake. Nimepita hapo miaka yote nikiliona kama kisiki. Nikaomba nichungulie mimi kwenye leveli, yeye ashike rula. Alicheka, lakini alishika.

Mara ya pili nilifaulu. Nikachukua cheti changu, nikapanda boti kwenda Mbuchi, na nikakuta nguzo za gati zimekwisha kusimama. Msimamizi alikuwa kijana kutoka Dar. Injinia alinieleza bila kuzunguka: kazi haikuweza kunisubiri.

"Kilichobaki ni nini?" nikauliza.

"Ngazi za kushukia majini. Na mchoro wake una tatizo. Hatujui ngazi ya juu kabisa iishie kimo gani."

Yule kijana akanikunjulia mchoro juu ya pipa. "Bi mkubwa, nasikia wewe ni wa hapa. Bamvua hufika wapi?"

Nilikwenda kuutafuta mstari kwenye mkoko ulio karibu. Nikaweka leveli, nikampa yeye rula. Nikasoma, nikaanzia kwenye alama ya kimo waliyoiweka gatini, nikaandika namba kwa kufuata usawa wao wa bahari, nikairudia hesabu, kisha nikamwambia apigilie kigingi.