Mama Laini Atafuta Fundi Bomba

Hospitalini walimwita Mama Laini, na jina hilo halikutokana na upole. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye chumba kidogo cha simu, kando ya mapokezi, akiunganisha laini: daktari na duka la dawa, wodi na nyumbani kwa mgonjwa, mkurugenzi na watu aliokuwa akiwakwepa. Alijua sauti kuliko sura. Wapo madaktari aliopishana nao koridoni miaka kumi bila kuwatambua, lakini wakisema "haloo" tu, anajua nani kalala vizuri na nani kaamka na kisirani.

Alipostaafu, mwanawe, mwalimu wa michezo, alihamia kwake pamoja na mkewe. Nyumba ikawa na watu watatu na bafu moja, na bafu lenyewe likaanza kuvuja.

Mwanzoni yalikuwa matone tu. Ukifunga shawa, inaendelea kudondoka. Mwanawe alikuwa na dawa moja: kukaza. Kila asubuhi aliikaza ile koki kwa nguvu za mtu anayefundisha kurusha tufe, mpaka mkewe akawa hawezi kuifungua.

"Mume wangu," alilalamika akiwa na taulo begani, "sasa kuoga ni mpaka nije kukuomba?"

"Inavuja kwa sababu hamuikazi."

Basi Jumanne moja, Mama Laini alikuwa akitoa shuka kwenye kabati la chumbani kwake, ambalo mgongo wake umeegemea ukuta wa bafu. Akasikia kitu. Akazima redio, akaingiza kichwa kabatini, akabana sikio kwenye mbao ya nyuma. Ssss. Sauti nyembamba, isiyopumua. Akapapasa shuka la chini kabisa, likawa limelowa chapachapa.

"Jamani, shawa mnaisingizia bure," aliwaambia. "Maji yanatoka ndani ya ukuta."

Mwanawe akaleta fundi aliyemjua. Fundi akasimama mlangoni mwa bafu, mikono mfukoni. "Hapa ni kuvunja vigae vyote, mama, na kubadilisha mabomba yote."

"Umegusa nini?"

"Nina uzoefu mkubwa."

"Sikukuuliza uzoefu. Nimekuuliza umegusa nini."

Fundi akaondoka akinung'unika, na mwanawe akashika kichwa. Mama Laini alikuwa amekwisha kaa karibu na simu, miwani puani, karatasi ya namba mkononi. Alizikusanya dukani wanakouza vifaa vya bomba. Kila fundi alimuuliza swali lilelile: "Ukifika kwangu, utaanza na nini?"

Wa kwanza alisema ataanza kwa kuvunja. Wa pili akasema yeye kila kitu anakijua, hana haja ya kuulizwaulizwa. Wa tatu alipokea, kisha kukawa kimya.

"Ha... ha... ha..." Sauti ikakwama.

"Kata, Mama," mwanawe alinong'ona. "Huyo mpaka amalize sentensi, nyumba itakuwa imeelea."

Mama Laini alimkata jicho. Akatulia na simu sikioni kama aliyekuwa kazini. Hakumsaidia yule mtu neno wala hakumharakisha. Upande wa pili pumzi ikashuka, ikatulia.

"Haloo, mama. Ni... nitafunga maji kwanza. Halafu ni... nitaomba kuona upande wa pili wa ukuta. Pe... pengine hakuna haja ya kugusa vigae."

"Njoo kesho saa tatu," alisema Mama Laini.

Alifika saa tatu kasorobo, mtu mrefu, mkoba wake umepangwa kama sanduku la mganga wa meno. Alifunga maji kwenye koki kuu uani, akafungua bomba la jikoni ili yaliyobaki yatoke. Wakahamisha nguo, akafungua mbao ya nyuma ya kabati na kukata ukuta kipande cha mraba, kikubwa kama sahani. Ndani, kwenye mwanga wa tochi, valvu ya shawa, ile inayozungushwa na koki, ilionekana imeota kutu ya kijani, na shingoni ina ufa.

Fundi aliifungua, akaigeuzageuza kiganjani.

"Mpira wa ndani uliisha, ndiyo yale ma... matone. Huu ufa ni wa kukaza. Kuna mtu ana mikono ya chuma humu ndani."

Mkwe alikohoa, akatazama dari. Mwalimu wa michezo aligundua ghafla kwamba viatu vyake havijafungwa vizuri.

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Fundi alisugua nyuzi za bomba, ile mikunjo ya kufungia mwishoni, mpaka zikang'aa, akazizungushia utepe mweupe, akafunga valvu mpya kwa spana mbili, moja ikishika na nyingine ikizungusha. Aliporudisha maji, alifungua koki kuu kidogokidogo, akapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Akasubiri nusu saa, akapitisha nyingine. Kavu.

"Sasa wewe, mama. Si... sikiliza."

Mama Laini akaingiza kichwa kabatini. Hakusikia chochote, na alikaa humo muda mrefu akifurahia.

Wakinywa chai, fundi alisema wateja wengi humkatia simu kabla hajafika kwenye jina lake. Alilisema bila kinyongo, kama anayesema barabara ni mbovu. Mama Laini hakumpa pole. Aliinua simu palepale, akampigia muuguzi mkuu wa hospitali yake ya zamani.

"Yale mabafu yenu ya wodi ya wazazi bado yanavuja? Nina fundi. Ukimpigia atachelewa kuanza kusema. Usikate. Nasema usikate."

Mwezi haukuisha fundi akawa na kazi ya wodi mbili. Jumamosi moja alirudi kuangalia kama ukuta umekauka. Tundu hawakuliziba, alilitengenezea kimlango cha mbao, ili siku nyingine mtu afungue bila kuvunja. Mwalimu wa michezo ndiye aliyekipaka rangi, na fundi akamfundisha kufunga shawa kwa vidole viwili.

"Hapo," alisema. "Ba... basi. Iache."

Akaiacha.