Kamera Iliyomfuata Shangazi Kule Karema

Baba ndiye aliyenitoa nyumbani kwangu, mtaa wa Majengo. Tangu miguu imgomee hajavuka mlango wa nyumba yangu bila kubebwa, na kila jioni humpigia simu shangazi, dada yake aliyebaki kijijini kwao Karema, kando ya ziwa, akamdanganya kwamba ametoka sokoni sasa hivi. Juzijuzi akazua jipya: anataka kuiona Karema kabla hajafa. "Si una ile kamera yako inayoruka? Nenda ukaniletee." Nilichoka kabla sijafunga begi.

Droni yenyewe niliinunua kuukuu, ya matoleo ya mwanzo, nikidhani itanifaa kwenye kazi yangu ya picha za harusi. Haina rimoti. Unavaa bangili yake, unairusha juu, inapaa yenyewe na kukufuata popote uendapo. Maharusi waliikimbia, basi ikalala kabatini.

Alfajiri nikapanda lori la jirani yangu, mchuuzi wa dagaa, lililokuwa linashuka ziwani tupu. Njiani, kijiji cha Mwamkulu, tukasimama kupisha ng'ombe wa Wasukuma, wakapita taratibu kama barabara ni yao, na labda ni yao kweli. Kuanzia hapo vumbi na mashimo. Nikasinzia, nikagonga kichwa kwenye kioo, nikasinzia tena. Dereva akaniuliza nafuata nini huko. "Picha," nikasema. Hakuuliza tena.

Huko Karema, shangazi alinipokea kwa ugali na samaki wa migebuka, na maswali juu ya baba. "Hajambo," nikajibu. Nilikula macho yanafumba yenyewe.

Asubuhi nikavaa bangili, nikazunguka kiwanja cha babu, kanisani, hadi kwenye mitumbwi. Niliporudi kutazama kwenye simu, nusura nilie. Karema ilikuwa pembeni pembeni; katikati nimejaa mimi na kilemba changu. Ndivyo ilivyotengenezwa, inapiga picha mtu, haipigi mahali.

"Lete nivae mimi," shangazi akasema. "Baba yako atachoka kuona kilemba. Ila hicho kidude hakitanifuata mpaka chooni?"

"Kitakufuata, shangazi. Tutakizima kabla."

Akaegemeza fimbo yake mlangoni. Nikamwambia aichukue, akakataa. "Kaka yangu hanijui na fimbo." Akateremka kuelekea ziwani akiburuza mguu wa kushoto, anashikashika uzio wa watu, mbuzi wanatawanyika mbele yake. Kamera ikamfuata pole pole. Haijawahi kunifanyia kazi vizuri hivyo.

Aliporudi akakaa chini, anahema. "Na wewe ukifika umpige picha yeye, anavyokwenda sokoni. Nina hamu ya kumwona akitembea."

Nikasema sawa.

Kesho yake nikarudi na lori lile lile, limejaa dagaa, harufu imeniganda mpaka kwenye nywele. Njia nzima niliwaza ile sawa yangu, na usingizi haukuja.

Nyumbani Majengo, baba akazitazama picha zote. Ziwa lilikuwepo, kanisa lilikuwepo, wala hakuyataja. Nami nilidhani anataka kuona kwao.

"Mguu huo," akasema mwishowe. "Tangu lini?"

"Sijui, baba. Fimbo aliiacha mlangoni."

"Kila siku ananiambia mzima." Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa shuka.

Nikamfikishia ujumbe wa shangazi kama ulivyo. Nikangoja aniambie nikatunge uongo mwingine, kamera imeharibika, chaji imeisha. Kwa uchovu niliokuwa nao ningeutunga.

"Nifunge hiyo bangili," akasema.

Nikambeba mpaka uani, siku hizi ni mwepesi, nikamkalisha kwenye kiti. Nikairusha kamera. Ikapaa, ikageuka, ikasimama mbele yake ikingoja aondoke, ipate kumfuata. Baba akaweka mikono juu ya magoti yake na kuitazama.

"Niizime, baba?"

"Iache. Dada yangu anione nilivyo."